Dar es Salaam Inahitaji Kihamba cha Mtaa

Ua la boga halisubiri mtu. Linafunguka alfajiri, na jua likishapanda, yapata saa nne, limekwisha kujikunja na kazi yake imepita. Anayetaka kuwaona nyuki wadogo wakiwa kazini hapa Dar es Salaam sharti adamke. Mimi nimewaona mara nyingi kwenye bustani moja ya mtaani kwetu Kinondoni, eneo la wazi lisilofikia nusu ya uwanja wa mpira, ambalo miaka michache iliyopita lilikuwa jalala. Wanaingia kwenye ua dume, wanatoka wamejaa unga wa njano mpaka miguuni, wanahamia ua jike lenye kiboga kidogo chini yake. Safari hiyo isipofanyika, kale kaboga kananyauka na kudondoka. Ikifanyika, baada ya wiki kadhaa kuna futari.

Bustani hiyo inalimwa na akina mama kumi na wanne na wazee watatu wastaafu. Wana matuta ya mchicha, matembele, bamia, kunde na nyanya chungu. Kwenye uzio wamepandisha pasheni. Lango ni la mabati, na mchana kutwa liko wazi. Watoto wanapita humo wakitoka shule, na jirani yeyote anaweza kuingia kununua fungu la mboga lililochumwa mbele ya macho yake. Tuta la bibi mmoja wa Kizaramo, mkubwa kuliko wote, ndilo linaloonekana limechafuka kuliko mengine. Asubuhi moja nilimpa shikamoo, akanipokea, nikamuuliza kwa nini hajang'oa lile gugu lenye maua ya njano lililojaa pembeni.

"Hilo si gugu, baba. Huo mchunga. Sikuupanda, umekuja wenyewe. Nikiutia nazi, wajukuu wanaugombania na uchungu wake wote."

Jibu hilo limekaa kichwani mwangu miezi mingi. Ule mchunga uko pale kwa sababu kuna mtu mmoja anayeujua jina, anajua unapikwaje, na ana wajukuu wa kula. Siku bibi atakapoondoka bila kumrithisha mtu elimu hiyo, mchunga utageuka gugu na jembe litapita juu yake. Na vipepeo na nyuki wanaolitegemea lile ua la njano watakuta pamelimwa pakawa peupe. Uhifadhi wa bayoanuai, yaani wingi wa aina za viumbe, neno tunalolisikia kwenye warsha na mabango, katika bustani ile umeshikiliwa na sufuria ya bibi.

Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Miji yetu inajenga bustani za kutazamwa, na bustani ya kutazamwa huwa maskini wa watu na maskini wa viumbe kwa wakati mmoja. Tunachohitaji ni bustani ya kutumiwa, yenye lango wazi na kipande cha ardhi chenye ulinzi wa sheria. Na mfano wake hatuna haja ya kuutafuta mbali, kwa sababu tunao Kilimanjaro: kihamba, shamba linalozunguka nyumba ya Mchagga.

Tukitaja bustani mjini, wengi wetu tunaona ukoka uliokatwa sawasawa, mstari wa miashoki, maua ya bogonvilia, benchi la zege na kibao cha kukataza watu wasikanyage majani. Mwashoki asili yake ni India na Sri Lanka, bogonvilia imetoka Amerika ya Kusini. Sina ugomvi na mmea kwa sababu ya kwao ulikotoka. Mchungwa nao ni mgeni na tumeupokea. Ninachosema ni kwamba mimea hii inachaguliwa kwa sababu ya rangi na kwa sababu haimsumbui mtunza bustani, basi. Ukoka unaokatwa kila wiki hautoi ua. Pasipo ua hakuna nyuki, na pasipo mdudu chozi na shorewanda hawana cha kuwapelekea makinda.

Picha hiyo ya bustani ina historia. Bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa hapa Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1893 chini ya Franz Stuhlmann, aliyesimamia kilimo katika koloni la Wajerumani, na kazi yake ilikuwa kujaribu mazao ambayo koloni lingeyauza nje. Mwaka 1902 kazi ya utafiti wa namna hiyo ikapata makao makubwa Amani, Usambara Mashariki, na huko mti wa musizi, ambao kwao ni kanda ya Ziwa Viktoria, ulipopandwa ulitoroka ukaingia msituni na mpaka leo unasongamana na miti ya asili ya Usambara. Mnazi Mmoja nayo, ambayo leo tunaiona kama kiwanja cha wote, Waingereza waliiacha wazi kati ya Uhindini na Kariakoo ili watu wa rangi mbalimbali wasisogeleane, kwa kisingizio cha afya. Ni jambo la kutia moyo kwamba pale palipofanywa pengo la kutenganisha ndipo baadaye umati ulipokusanyika kuisikiliza TANU. Lakini fikra ya kwamba nafasi ya wazi mjini ni mali ya mpangaji, na mwananchi ni mgeni anayevumiliwa, imetuganda.

Sasa nipande na hoja yangu mlimani Kilimanjaro.

Nimekulia kwenye kihamba cha bibi yangu mzaa baba, Old Moshi. Kwa asiyejua, kihamba ni ardhi ya ukoo inayozunguka nyumba, na mtu akisimama barabarani anaweza kudhani ni msitu. Juu kabisa kuna miringaringa na miruka. Chini yake migomba: mishare ya kupika, mlali, kisukari. Chini ya migomba kuna kahawa, inayopenda kivuli. Kando ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka mtoni, kuna magimbi, kwa sababu gimbi linapenda kulowana. Viazi vikuu vinapanda kwenye miti. Ardhini kuna mnafu, mgagani na majani ambayo majina yake ninayajua kwa Kichagga tu. Ng'ombe wamefungwa bandani, wanaletewa majani na vigogo vya migomba, na samadi yao inarudi shambani. Hondohondo wanakuja na kelele zao asubuhi, na wakati wa matunda ya mwituni huwezi kusikilizana na mtu.

Mtafiti Andreas Hemp, aliyefanya kazi Kilimanjaro kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2006 hesabu ya mimea ya vihamba: zaidi ya aina 500, na zaidi ya 400 kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Hebu tuitafakari namba hiyo ya pili. Hapo ni mahali palipolimwa kwa karne kadhaa, penye msongamano wa watu kuliko sehemu nyingi za vijijini Tanzania, na bado mimea mingi iliyopo ni ile iliyojijia yenyewe kama mchunga wa bibi wa Kinondoni. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia.

Kwa nini kihamba kiko hivyo? Kwa sababu kila mmea una mtu anayeuhitaji kwa jambo fulani. Msesewe haukatwi ovyo, maana gamba lake linaingia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Mringaringa unatoa mbao na mizinga ya nyuki. Sale, yale majani marefu ya mpakani, yana kazi nzito kuliko zote. Linaonyesha mwisho wa kihamba changu na mwanzo wa chako, na mtu aliyekosana na mwenzake akimpelekea jani la sale, yule aliyekosewa hawezi kumgeuzia mgongo. Nilimwona babu mmoja, mkali kama pilipili, akipokea jani lililofungwa fundo kutoka kwa kijana aliyeiba ndizi zake. Alilishika kimya kwa muda, kisha akamwambia kijana akae ale. Mmea unaobeba kazi kama hiyo hauwezi kutoweka wakati watu wangali wanaishi pamoja.

Sitaki kukipamba kihamba kuliko kilivyo. Vinamegwa kila kizazi mpaka vingine havitoshi kujenga choo. Kahawa imeng'olewa sehemu nyingi kwa sababu ya bei, na kivuli kikaondoka nayo. Vijana, nikiwemo mimi, tumeshuka mjini. Na kuna dhuluma moja ambayo haifai kufunikwa. Kihamba kimerithishwa kutoka baba kwenda kwa mwana wa kiume. Bibi yangu alikilima kile chetu zaidi ya miaka hamsini, akaujua kila mgomba kwa tabia yake, na hakuwahi kuhesabiwa kuwa mwenye hata mmoja. Tukichukua mfano wa kihamba tukaupeleka mjini, hilo tuliache hukohuko. Bustani ya mtaa iandikwe majina ya wanaoilima, na kwa jinsi ninavyoona kila asubuhi, wengi wao ni wanawake.

Msomaji anaweza kusema kwamba Kilimanjaro ina mvua na udongo wa volkano, wakati Dar es Salaam ni mchanga, joto na watu milioni tano na ushee kwa sensa ya mwaka 2022. Ni kweli. Lakini kanuni ile ya matumizi kuleta uanuai imeonekana pia mahali pasipofanana kabisa na Kilimanjaro. Mwaka 2019 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kuhesabu wadudu wachavushaji katika miji minne: Bristol, Reading, Leeds na Edinburgh. Walipima bustani za rangi zote, makaburi, kando ya barabara, viwanja vya nyasi. Walikokuta wadudu wengi ni kwenye bustani za majumbani na vile vipande vya ardhi ambavyo halmashauri huwakodisha wakazi walime mboga. Viwanja vya kupumzikia, vyenye ukoka mpana na vinavyotunzwa kwa fedha za umma, vilikuwa nyuma. Watu wanaolima kila mmoja kwa ladha yake, huyu maharage, yule vitunguu vilivyoachwa vikatoa maua, mwingine mvivu wa kupalilia, wanatengeneza mchanganyiko ambao hakuna mpangaji mmoja anayeweza kuuchora mezani.

Kule Kinondoni somo hilo tulilipata kwa njia ya pasheni. Mwaka mmoja zile pasheni za uzioni zilichanua vizuri sana na hazikuzaa. Maua yalifunguka, yakapendeza, yakadondoka. Wazee wakasema udongo umechoka, wakaongeza samadi, hakuna kilichobadilika. Baadaye afisa ugani mmoja alipita, akauliza jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: nguzo za zamani za uzio ziko wapi? Kikundi kilikuwa kimepata msaada wa mabomba ya chuma, kikazing'oa nguzo za miti zilizooza na kuzichoma. Ndani ya nguzo zile walikuwa wanaishi wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao watoto wanawakimbia kwa sauti yao. Ua la pasheni ni kubwa, na nyuki mdogo anaweza kunywa utamu wake akaondoka bila kugusa panapotakiwa. Yule mweusi akiingia mgongo wake unapakwa unga, naye anaupeleka ua jingine. Kikundi kilitafuta gogo kavu la mwembe, kikalisimamisha kwenye kona yenye kivuli. Miezi mingi ikapita kabla ya kuonekana matundu ya duara kwenye gogo lile. Msimu uliofuata pasheni zilizaa. Gogo bado lipo, limekuwa bovu, na mgeni akiingia na kushauri liondolewe kwa sababu linaharibu mandhari anajibiwa na watu watatu kwa mara moja.

Zipo hoja za upande wa pili, na baadhi yake ni nzito.

Nzito kuliko zote ni ya udongo na maji. Mwaka 1999 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wa mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakaonyesha kuwa zina madini mazito, risasi ikiwemo. Tangu hapo mji umekua na viwanda na magari yameongezeka. Mtu anayewaambia wakazi walime popote penye unyevu anawadhuru. Bustani ya mtaa ianze kwa kupima udongo na maji, na gharama hiyo ni ya halmashauri, maana mama wa mchicha hana maabara. Penye uchafu kuna njia: matuta ya kuinua yenye udongo ulioletwa, au magunia, na mahali penye shaka ni heri kuweka miti ya matunda kuliko mboga za majani, kwa kuwa jani hubeba uchafu wa udongo kuliko tunda. Palipoharibika kabisa papandwe matete na miti, pawe pa ndege, na kibao kiseme waziwazi kwamba hapo hapaliwi.

Hoja ya mbu inarudi kila mara mkutano wa mtaa unapokaa. Mbu wa malaria hutaga kwenye maji yaliyotuama, na vile vishimo vinavyochimbwa kwa ajili ya kumwagilia ni kweli vinaweza kuwa mazalia. Dawa yake ni mapipa yenye mifuniko na kufukia vishimo. Kufyeka bustani hakumuui mbu. Dimbwi lililo kwenye mfereji wa barabara unaozibwa na mifuko litabaki palepale.

Halafu kuna swali la wizi na uvivu. Lango wazi, nani atalinda? Mali ya wote si huishia kuwa ya yeyote? Hapa kihamba kinatusaidia kidogo tu, kwa kuwa ni cha familia, lakini mfongo unatusaidia sana. Mfongo ulikuwa wa watu wengi. Ulichimbwa kwa nguvu za pamoja, ulikuwa na msimamizi, maji yalitolewa kwa zamu, na mfereji ulisafishwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wote. Asiyefika kwenye msaragambo bila sababu alitozwa faini, na akiendelea, zamu yake ya maji ilirukwa. Hakuna aliyehitaji ukuta. Kikundi cha Kinondoni kimefika hukohuko bila kujua mfongo ni nini: Jumamosi ya kwanza ya mwezi ni usafi wa wote, asiyefika analipa shilingi elfu mbili, na tuta lililoachwa majuma sita anapewa anayesubiri. Kuhusu wizi, wameweka tuta moja karibu na lango, la matembele, ambalo mtu yeyote mwenye njaa anachuma bila kuuliza. Wanasema tangu waliweke, mengine hayaguswi sana. Na matembele, ambaye amewahi kuyalima anajua, kadiri unavyoyachuma ndivyo yanavyotambaa.

Kinachonitia hofu mimi ni ardhi. Haya yote niliyoyaeleza, nyuki, mchunga, gogo la mwembe, yamekaa juu ya kipande ambacho hakina karatasi. Kwenye ramani ya mtaa kimeandikwa eneo la wazi. Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa maeneo ya wazi yanavyoishia: unaamka siku moja kuna lori la mawe na mtu mwenye hati asiyejulikana ameipata wapi. Kikundi kimewahi kuandika barua kuomba kutambuliwa, ofisi iliyoipokea ikasema ipelekwe ofisi nyingine, na ya pili ikairudisha ya kwanza. Barua ile imezunguka zaidi ya mwaka mzima.

Sheria zetu zimekitambua kilimo cha mjini kwa namna ya kukiwekea mpaka. Kanuni za mwaka 1992 zilisema mtu asilime zaidi ya ekari tatu mjini. Ukomo huo una maana kwa mwenye shamba la biashara. Kwa watu kumi na saba wanaogawana nusu uwanja, kinachohitajika ni kinyume chake: sakafu ya chini, kiasi ambacho mtaa hauwezi kunyimwa. Hata mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inakuwa ngumu kwa kikundi ambacho hakiwezi kuonyesha kwamba mwakani kitakuwa palepale.

Wenzetu wamepita njia hii. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1908 inayoipa halmashauri wajibu wa kutoa vipande vya kulima pale wakazi wanapovihitaji, na wapiga kura sita wakiandika ombi, halmashauri lazima ilizingatie. Vile vipande vilivyowashinda viwanja vya ukoka kwa nyuki mwaka 2019 kwa sehemu kubwa ni matunda ya sheria hiyo ya zaidi ya karne. New York ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 1973 Liz Christy na wenzake walisafisha kiwanja kilichojaa takataka kwenye kona ya Bowery na Houston wakakifanya bustani, na mamia ya mitaa ikafuata. Kwa kuwa wengi hawakuwa na haki ya kudumu juu ya ardhi, mwaka 1999 serikali ya jiji ilipotaka fedha iliziweka bustani zaidi ya 100 kwenye mnada. Ziliokolewa kwa kununuliwa na taasisi zisizo za kibiashara dakika za mwisho, baada ya maandamano mengi. Sisi hatuna matajiri wa kutununulia mchunga. Ulinzi wetu utatoka kwenye sheria ndogo za halmashauri na kwenye ramani za mipango miji, na hizo zinaandikwa na watu tunaowachagua.

Nafasi ya kulifanya hili kwa ukubwa iko mbele ya macho yetu, na ndiyo sababu ninaandika sasa. Bonde la Msimbazi limetugharimu sana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini na wengine wakahamishiwa Mabwepande. Sasa kuna mradi wa Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2022, wa kulirekebisha bonde. Wakazi wa maeneo hatarishi wamelipwa wapishe, na mpango unataja bustani kubwa ya jiji pale chini Jangwani. Ni jambo jema kwa bonde kurudishiwa mto wake. Swali ni bustani ya namna gani.

Ikiwa itakuwa ukoka, miashoki na kiingilio, tutakuwa tumefanya tena yale ya Mnazi Mmoja: pengo kubwa katikati ya mji, safari hii kati ya wenye nauli ya kwenda kupumzika na watu wa Kigogo na Magomeni waliokuwa wakilima bondeni humo. Wale walimaji wa Msimbazi wanalijua bonde kuliko mchoraji yeyote. Wanajua maji yanapanda mpaka wapi mwezi wa Aprili, ni upande gani chumvi inaingia, ni mti gani unasimama mafuriko yakipita. Mpango wenye busara ungewaita mezani mapema. Maeneo ya chini kabisa yaachiwe mikoko na matete. Yale ya juu kidogo, yakishapimwa udongo, yagawiwe mitaa inayopakana nayo kwa mikataba ya miaka mingi, kila mtaa na lango lake, kisima chake na kamati yake. Katikati pawe pa miti ya pwani yenye matunda: mikwaju, mizambarau, mifenesi. Gharama ya kuwalipa watu wa kukata ukoka ekari kwa ekari miaka yote ingepungua, maana watunzaji wangekuwa wanakuja wenyewe alfajiri kuwahi maua ya maboga.

Kila kata nayo iwe na angalau kipande kimoja cha namna hii. Nimekizoea kukiita kihamba cha mtaa, na majirani zangu wa Kizaramo, Kimakonde na Kihaya wameanza kulitumia neno hilo bila kujali limetoka wapi.

Mwezi wa sita nilikwenda nyumbani kuhani msiba. Siku ya kurudi niliomba vipande vya sale kutoka mpakani mwa kihamba cha bibi, nikavifunga kwenye gazeti lenye maji, vikasafiri na basi usiku kucha chini ya kiti. Nilivipanda sita kwenye kona nne za bustani ya Kinondoni na pande mbili za lango. Niliwaeleza wenzangu maana yake, kwamba kwetu huo ni mpaka na mtu hauvuki kwa jembe. Bibi wa mchunga akauliza kama yanaliwa. Nikamwambia hayaliwi. Akafikiri, kisha akasema basi atayamwagilia yeye, yasije yakasahauliwa. Mawili yalikufa kwa joto. Manne yameshika, na lile la kulia kwa lango limetoa jani jipya.